Farasi aliyetoroka usiku wa dhoruba hafukuzwi

Mhariri,

Naandika kujibu barua mbili mlizochapisha kwenye ukurasa wa maoni baada ya ile mvua ya upepo iliyoangusha nyua na kuwatoa farasi kadhaa hadi barabara kuu. Ya kwanza ni ya dereva aliyesema farasi akionekana barabarani dawa yake ni kumpigia honi na kummulika taa kali mpaka arudi alikotoka. Ya pili ni ya msomaji aliyesema kila mwenye farasi aliyetoroka ni mzembe, hana la kujitetea. Mimi ni mwanamke mfuga farasi, na mawingu yakishafunga jioni najua usingizi sina. Barua ya pili nitaijibu kwa sehemu, maana kuna mahali nakubaliana nayo. Ile ya kwanza imeninyima raha kabisa. Atakayeufuata ushauri ule anaweza kusababisha kifo cha farasi, cha dereva anayekuja upande wa pili, au chake mwenyewe.

Farasi kaumbwa kuwa windo. Macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa, hivyo anaona karibu pande zote kwa mara moja, isipokuwa sehemu ndogo mbele ya paji la uso na nyingine nyuma ya mkia. Masikio yake huzunguka, kila moja kivyake, na hunasa sauti nyembamba ambazo sikio la binadamu halizipati. Vyote hivyo amepewa kwa kazi moja tu, ajue adui anatokea wapi akimbie kabla hajafikiwa. Usiku wa upepo mkali hakuna kinachomsaidia kati ya hivyo. Harufu zinapeperushwa huku na huko, kila kichaka kinatikisika, bati linagonga, na hatua za mtu hazitofautiki na tawi linaloanguka. Farasi wangu huanza kuhangaika hata kabla mvua haijafika. Wanazunguka uwanjani, wanapiga mapua, wanasimama wameinua shingo, kisha wanazunguka tena. Hapo kinachosubiriwa ni kishindo kimoja.

Sasa mtu akitokea nyuma yake na honi na taa, farasi hawezi kuelewa kwamba anaelekezwa nyumbani. Anachoelewa ni kwamba anafukuzwa, na anayefukuzwa huongeza mbio. Farasi wa kawaida akipiga shoti hufika kilomita 40 hadi 50 kwa saa, na juu ya lami iliyolowa kwato zenye viatu vya chuma huteleza kama sabuni. Hachagui upande. Atakimbilia kwenye nafasi yoyote iliyo wazi mbele yake, na usiku nafasi iliyo wazi kuliko zote ni barabara.

Asidhani mtu kwamba haya huwapata farasi wasiofunzwa peke yao. Asubuhi ya Aprili 24, 2024, katikati ya London, farasi wa kikosi cha askari wapanda farasi wa mfalme walishtushwa na kishindo cha vifusi vilivyoangushwa kwenye ujenzi. Hao ni farasi wanaozoezwa bendi, umati na shamrashamra za kila namna. Hata hivyo waliwatupa askari chini, wakatimua mbio mitaani, wakagonga basi na teksi, na wawili kati yao wakaumia vibaya. Walikuja kukamatwa kilomita kadhaa kutoka pale walipoanzia. Na hiyo ilikuwa mchana, hali ya hewa shwari, kukiwa na askari na polisi kila kona. Toa mwanga, ongeza radi, halafu useme honi itasaidia nini.

Kwa dereva naomba mambo machache, na nayaomba kwa moyo wangu wote. Ukimwona farasi mmoja barabarani, hesabu kwamba wako wengine gizani, maana farasi hatoroki peke yake akiwa na wenzake. Punguza mwendo pole pole bila kufunga breki kwa ghafla, shusha taa, simama pembeni, washa taa za tahadhari ili walio nyuma yako wajue kuna jambo, na ukae ndani ya gari. Farasi mzima ana uzito wa kilo 450 hadi 550 hivi, na mwili wake uko juu ya miguu mirefu. Gari dogo likimgonga, boneti hupita chini na ule uzito wote huja kwenye kioo cha mbele. Ndiyo maana ajali ya farasi huua watu hata gari likiwa haliendi kasi sana. Macho yake hung'aa kwenye taa akiwa amekutazama, lakini akigeuka pembeni, na rangi yake ikiwa nyeusi au kahawia, humwoni mpaka ameshafika. Ukishasimama salama, piga simu polisi, taja kilometa au kituo kilicho karibu, idadi ya farasi uliowaona, na wanaelekea wapi. Hilo la wanaelekea wapi watu wengi hulisahau, na ndilo sisi wenye farasi tunalolihitaji kuliko yote.

Na kumshika? Hapa nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu ndipo watu wema wanapoharibu. Wanashuka kwenye magari, wanapanga duara, wananyoosha mikono, wanapiga miluzi. Farasi akijiona amezungukwa hutafuta mwanya, na mwanya mara nyingi ni kati ya watu wawili.

Usiku mmoja mti uliangukia uzio wangu wa upande wa juu. Mvua ilikuwa inapiga kwa ubavu, na saisi wangu, yaani mtunza farasi, ndiye aliyegundua kwanza, akaja kunigongea dirisha. "Mama, wametoka wote." Tukachukua ndoo yenye konzi mbili za shayiri, hatamu mbili za kamba zisizo na chuma cha mdomoni, na tochi. Tuliwakuta kando ya barabara, wamesimama kwenye nyasi, migongo yao imegeukia upepo kama wanavyofanya siku zote. Mbele alikuwa Zawadi, farasi jike wa rangi ya hudhurungi ambaye wenzake humfuata popote aendapo. Lori lilikuwa limesimama, na dereva alikuwa na mguu mmoja nje. Akaniita, "Dada, nikuzibie upande huu?" Nikamwambia, "Kaka, ahsante, shusha taa na ukae humo humo." Akatii. Namwombea heri mpaka leo.

Sikumwendea Zawadi moja kwa moja. Anayemwendea farasi kwa mstari ulionyooka, amemkazia macho, anatembea kama simba. Nilikwenda kwa kukata pembeni, nikilenga bega lake la kushoto, macho yangu chini, tochi nimeielekeza ardhini. Alipoinua kichwa nikasimama. Alipogeuza sikio moja kunielekea, nikatikisa ndoo kidogo tu, shayiri ikalia. Hapo mtu hujaribiwa kuharakisha, kwa kuwa farasi anaonekana amekubali. Usiharakishe. Nikamgeuzia mgongo nusu, nikashusha pumzi kwa sauti aisikie, nikaendelea kumsemesha yale maneno ninayomwambia kila asubuhi ninapomsugua. Sauti aliyoizoea ina nguvu kuliko chakula. Akaja yeye. Nilihisi kwanza joto la pua yake kwenye kiwiko, halafu uzito wa kichwa ndani ya ndoo. Nikampitisha kamba shingoni kabla ya hatamu, kwa sababu kamba ikishakuwa shingoni farasi aliyefunzwa hujiona ameshikwa tayari, na hapo kumvalisha hatamu ni jambo la utulivu.

Wale wengine sikuwagusa. Nilimwongoza Zawadi tukapita kwenye nyasi, tukiwa mbali na lami, na wao wakafuata mmoja mmoja. Saisi alikuja nyuma kabisa, bila kupiga kelele, kazi yake ikiwa kufunga kila lango tulilopita. Kama kuna jambo moja ningependa msomaji asiye na farasi alichukue katika barua hii, ni hili: ukimpata kiongozi, umewapata wote; ukimkimbiza mmoja, umewapoteza wote. Na ndoo ile isipelekwe katikati ya kundi. Farasi watatu wakigombea ndoo moja hupigana mateke, na anayeishika ndoo ndiye anayeumia.

Nije sasa kwa msomaji wa barua ya pili. Anasema mwenye farasi ni mzembe. Mti mkubwa wenye afya ukiangukia uzio madhubuti usiku wa manane, sidhani hilo ni uzembe. Lakini najua, na wafugaji wenzangu wanajua, kwamba nyua nyingi zinazoanguka usiku wa dhoruba zilikuwa zimeshaanguka mchana wa jua, ila hakuna aliyekwenda kuzisukuma kwa mkono. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nguzo iliyooza inaoza pale pale inapoingia ardhini, mahali jicho halifiki, na njia ya kuijua ni kuishika na kuitikisa. Mimi huzunguka uzio wangu kwa miguu kila mwanzo wa msimu wa mvua, na tena kila baada ya upepo mkubwa. Natikisa kila nguzo. Miti iliyo karibu na uzio naitazama matawi yaliyokufa, na yale yanayoning'inia juu ya waya yanakatwa hata kama kivuli chake ni kizuri.

Lango ndilo linalosahaulika zaidi. Watu hununua komeo la kutelezesha, ambalo upepo ukilitikisa lango usiku kucha linatambaa taratibu mpaka linatoka kwenye tundu lake. Mengine farasi mwenyewe huyafungua kwa mdomo. Wapo mafundi kabisa wa kazi hiyo. Weka mnyororo wenye klipu juu ya komeo, siku zote, hata kama unatoka kwa dakika tano. Na tazama bawaba. Pini za bawaba zote mbili zikielekea juu, farasi akiegemeza kifua chini ya ubao anaweza kuling'oa lango zima likaenda naye. Geuza pini ya juu ielekee chini na lango halinyanyuki tena. Kazi hiyo ni ya fundi mmoja na saa moja.

Wanaotegemea uzio wa umeme peke yake nawaomba wafikiri tena. Dhoruba hukata umeme, na tawi moja likilala juu ya waya, nguvu yote inaishia ardhini. Isitoshe, farasi aliyeingiwa na hofu hahisi mshtuko ule mpaka ameshapita. Uzio wa umeme unafaa kumfundisha farasi mtulivu asiegemee mbao. Kumzuia aliyechanganyikiwa hauwezi. Kuhusu seng'enge sitasema mengi. Nimeona miguu ya farasi iliyopita kwenye seng'enge, na sijawahi kuiweka kwangu.

Sheria nayo haimwachi mwenye farasi ajifiche nyuma ya dhoruba. Uingereza kuna kesi iliyokuwa maarufu kwa sababu hiyo. Usiku mmoja wa mwaka 1996 farasi watatu walishtushwa na kitu ambacho hakikujulikana, wakaangusha uzio wa waya wa umeme na ule wa mbao uliokuwa nyuma yake, wakafika barabara kuu, na dereva mmoja akaumia vibaya kwa kugongana na farasi mmojawapo. Mahakama iliona kwamba wenye farasi hawakuwa wazembe. Pamoja na hayo, mwaka 2003 Baraza la Mabwana, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa, liliamua kwa sauti tatu dhidi ya mbili kwamba wanawajibika kulipa, kwa mujibu wa Sheria ya Wanyama ya mwaka 1971. Hoja yenyewe ilikuwa kwamba farasi aliyeshtuka hutenda kama farasi aliyeshtuka, na anayemfuga analijua hilo. Kila nchi ina sheria zake, na majaji wawili kati ya watano hawakukubali. Mimi nakubaliana na wale watatu. Ninapochagua kuishi na mnyama wa nusu tani anayekimbia kabla ya kufikiri, siwezi kumwambia mjane wa dereva kwamba ule ulikuwa upepo tu. Ndiyo maana nina bima ya madhara kwa watu wengine, na namsihi kila mwenye farasi, hata wa farasi mmoja mzee asiyepandwa, aulize bima hiyo kabla ya mawingu kufunga.

Swali linaloulizwa kila msimu ni kama farasi afungiwe bandani au aachwe uwanjani dhoruba ikija. Watu hulijibu kwa huruma: wanamwona farasi akilowa, wanamwingiza ndani. Mvua haimdhuru farasi mzima mwenye nyasi za kutosha. Kinachomdhuru ni kitu kinachoruka, na paa linalomwangukia. Kama banda ni la mawe au matofali, paa limefungwa vizuri, na haliko bondeni pa kufurika, mwingize mapema, masaa kabla ya upepo, siyo ngurumo zikiwa zimeshaanza. Kama banda ni nguzo na mabati yaliyopigiliwa misumari juu juu, mimi kwangu hapana. Bati lililong'oka ni upanga. Afadhali uwanja mpana, wenye mwinuko asimopata mafuriko, usio na miti mikubwa wala vyuma vilivyotupwa, ambamo anaweza kusogea apendavyo na kuugeuzia upepo mgongo. Uwanja wenyewe uwe na uzio imara na, nyuma ya uzio huo, uzio wa pili kabla ya barabara. Wa pili huo ndio uliowaokoa farasi wangu zaidi ya mara moja. Wakivunja wa kwanza wanajikuta kwenye uwanja mwingine, wanakimbia mpaka wanachoka, na asubuhi ninawakuta wanakula.

Radi ina hesabu yake. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Ukiona mwanga, hesabu. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita kumi na wewe hupaswi kuwa nje umeshika farasi, wala hupaswi kutoka mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Hata kama unampenda. Radi ikipiga mti au ardhi, umeme wake husambaa kwenye udongo, na mnyama wa miguu minne iliyoachana huupokea kwa mguu mmoja na kuutoa kwa mwingine, ukipitia kifuani. Agosti 2016 huko Norwei, kwenye uwanda wa Hardangervidda, reindea 323, wanyama wa jamii ya kulungu, walikutwa wamekufa mahali pamoja baada ya dhoruba ya radi. Walikuwa wamesongamana. Farasi nao hupenda kusongamana chini ya mti ule mmoja ulio katikati ya uwanja, na kwenye kona za uzio wa waya, na waya huweza kuubeba umeme mbali na pale ulipopiga. Mti ule mmoja wa katikati kwangu nimeuzungushia uzio. Baadhi ya wageni wanaona nimewanyima farasi kivuli. Kivuli wanakipata kwingine.

Basi, mtu ataniuliza, wakitoroka katikati ya radi utafanyaje? Nitapiga simu kwanza: polisi, majirani walio upande wa barabara, na daktari wa mifugo ajue kwamba huenda nitamhitaji. Nitasogeza gari barabarani niwashe taa za tahadhari mahali pa salama ili magari yapungue mwendo, na nitabaki ndani ya gari. Kuwafuata farasi kwa miguu ni baada ya radi kusogea. Najua uchungu wa kukaa garini ukiwa unasikia kwato gizani. Lakini mfugaji aliyepigwa na radi hamshiki farasi yeyote. Na waya wa umeme ukiwa umeanguka, hata kama umelala kimya kwenye dimbwi, hakuna kuusogelea mpaka shirika la umeme lithibitishe kwamba umekatwa.

Wakisharudi kazi haijaisha, na hapa ndipo nawaona hata wafugaji wazoefu wakizembea kwa uchovu. Farasi aliyekimbia ana damu iliyochemka na hahisi maumivu kwa muda. Usiku ule ule, kwenye mwanga, napitisha viganja vyangu kila mguu kuanzia juu hadi kwenye kwato, kwa kuwa kidonda kidogo chini ya manyoya yaliyolowa kiganja hukipata kabla ya jicho. Kidonda kikubwa kinachovuja damu hakinitishi kama tundu dogo karibu na kiungo au chini ya kwato. Tundu hilo huingia ndani, hufunga juu, na uchafu hubaki. Farasi ni katika wanyama wanaoathirika vibaya zaidi na pepopunda, kwa hiyo tarehe ya chanjo iandikwe mahali panapoonekana. Kwangu imebandikwa ndani ya mlango wa stoo, karibu na simu ya daktari. Mapigo ya moyo nayapima kwa vidole viwili kwenye mshipa ulio chini ya taya. Farasi aliyetulia ana mapigo 28 hadi 44 kwa dakika, na joto la mwili kati ya nyuzi 37.2 na 38.3. Akipumzika saa nzima na mapigo hayajashuka, namwita daktari bila kusubiri pambazuko.

Na ichunguzwe walikula nini huko walikokuwa. Farasi hawezi kutapika. Akiingia kwenye stoo ya nafaka ya jirani akala mpaka akashiba, huenda asionyeshe lolote usiku huo, kisha ndani ya siku moja au mbili akapata msokoto wa tumbo, au kwato zikapata moto na uvimbe wa ndani unaoweza kumlemaza maisha. Akianza kuchimba ardhi kwa mguu, kugeuka kutazama ubavu, kulala na kuinuka, au mavi yakipungua, ni daktari. Nafaka ikijulikana imeliwa, ni daktari hata kabla ya dalili. Vilevile matawi yaliyoangushwa na upepo yaondolewe uwanjani siku ile ile. Ipo miti ambayo majani yake yakiwa mabichi mtini farasi hayashughulikii, lakini yakinyauka humvutia na humuua. Huko Amerika Kaskazini mti wa maple mwekundu unajulikana sana kwa hilo.

Nigusie na utambulisho, kwa kuwa farasi aliyepatikana bila mwenyewe anaweza kukaa siku nyingi mikononi mwa asiyejua kumlisha. Kipande kidogo cha kielektroniki chenye namba ya tarakimu 15 hudungwa upande wa kushoto wa shingo, chini ya singa, na hudumu maisha yake yote. Jimbo la Louisiana, Marekani, lilikuwa linadai farasi wawe na alama ya kudumu hata kabla ya Kimbunga Katrina cha mwaka 2005, na ndiyo iliyorahisisha kuwarudisha waliookolewa kwa wenyewe. Dhoruba ikitangazwa, mimi huongeza namba yangu ya simu kwa rangi ya mifugo kwenye ubavu, kubwa ya kusomeka kwa mbali. Mvua haiifuti kwa usiku mmoja. Hatamu ya nailoni simwachii kichwani; ikinasa kwenye tawi haikatiki, na farasi hujivuta mpaka avunjike shingo. Akihitaji kuvaa kitu, basi iwe ya ngozi, au yenye kiungo kinachoachia kikivutwa kwa nguvu.

Mhariri, ninyi mna ukurasa wa hali ya hewa. Ombi langu ni dogo. Kila linapotolewa onyo la upepo mkali, chapeni chini yake namba ya polisi wa barabarani inayopokelewa usiku, na mistari mitatu: usipige honi, shusha taa, sema farasi wanaelekea wapi. Na kwa wakuu wa polisi wa barabarani, ombi jingine. Askari wenu wa zamu ya usiku hutumwa kwenye farasi waliotoroka bila hata kamba mikononi. Hatamu mbili na kamba ndefu ndani ya buti la gari la doria haziwezi kuwa mzigo. Mimi na saisi wangu tuko tayari kuja kituo chochote tutakachoitwa, na farasi mpole, tuwaonyeshe askari namna ya kusimama begani, kupitisha kamba shingoni na kuongoza bila kuvuta. Barua ya kuwaandikia niko nayo tayari. Nasubiri tu kujua nimpelekee nani.

Wenu,
Mfuga farasi na msomaji wenu wa siku nyingi